Nani Anatazama Kile Kidirisha

Kwenye televisheni ana ukubwa wa kiganja. Ukitaka kumwona, angalia chini kulia, pembeni mwa Spika, pale ambapo watu wengine huona kama doa na kuhamisha macho. Mafundi mitambo wa Bunge walimbatiza Bi Pembeni, na jina likamkaa kwa sababu yeye mwenyewe alilipenda. Ana kwa ana ni mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mchezaji wa netiboli na sauti inayofika mwisho wa korido kabla yeye hajafika. Wanaomjua kwa kidirisha tu hushangaa kusikia kwamba anaongea, na wakishasikia hushangaa kwamba hanyamazi.

Mimi ni mkalimani mwenzake wa lugha ya alama. Tunafanya kazi kwa zamu fupi, maana mikono huchoka, na akili huchoka kabla ya mikono. Mmoja akiwa mbele ya kamera, mwingine anakaa kwenye kiti kifupi chini yake. Waziri wa Fedha akianza kumwaga tarakimu, mabilioni yakifuatana na asilimia, aliye chini anazidaka na kuzionyesha kwa vidole ili aliye juu asipotelewe na sentensi. Chumba chetu zamani kilikuwa stoo ya viti. Kina pazia la bluu, taa kali, feni tusiyoruhusiwa kuiwasha kwa sababu inapeperusha pazia, na mlango wenye karatasi iliyoandikwa USIGONGE. Anayegonga kila siku ni yuleyule aliyeibandika.

Mimi lugha hii nimeisomea chuoni. Yeye amezaliwa ndani yake. Baba yake alikuwa kiziwi, mama yake ni kiziwi, na alama yake ya kwanza aliitoa kabla hajaota meno: "tena", akidai maziwa. Siku niliyopelekwa kwa mama yake nikamsalimia kwa alama zangu za darasani, zile safi kabisa. Mama alinitazama kwa huruma, kisha akamwambia binti yake kwamba kijana anaongea vizuri, ila kama amevaa glovu. Tangu hapo kwa viziwi wa mji huu mimi ni Glovu, na sidhani kama nitakufa na jina jingine.

Mama ni fundi cherehani. Karakana yake ni chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye meza ndefu ya kukatia, vyerehani vilivyopangwa ukutani, na televisheni iliyofungwa juu, mahali ambapo fundi mwingine angetundika kalenda. Siku ya hotuba ya bajeti kazi husimama. Kinyozi kiziwi hufunga kibanda chake na kuja, fundi viatu huja, wauza matunda huja, na sauti ya televisheni hufungwa kabisa kwa sababu haina shughuli hapo ndani. Mpita njia akichungulia ataona watu wamekaa kimya wakitazama, kisha ghafla wote wanarusha mikono kwa wakati mmoja. Hapo ajue kuna kitu kimepandishwa.

Wanaodhani bajeti ni mambo ya wakubwa waende wakakae pale. Mama anajua ushuru wa forodha wa vitambaa vya nje kuliko anavyojua siku za kuzaliwa za wajukuu. Mwaka mmoja binti yake alitafsiri kwamba ushuru wa zipu utapanda mwaka mpya wa fedha ukianza. Mama hakungoja sentensi iishe. Alivaa viatu, akaenda dukani, akanunua zipu za kumtosha mpaka bajeti nyingine, na miezi iliyofuata mafundi wa mtaa mzima, wale wenye masikio, walikuja kumwomba awauzie. Aliwauzia. Kwa bei mpya, lakini aliwauzia.

Haikuwa hivyo zamani. Bi Pembeni alipokuwa mtoto, habari za bajeti zilifika kwao kupitia jirani, mama mmoja muuza nguo za watoto aliyekuwa na redio kubwa. Mama alikuwa akienda mlangoni kwake, akiuliza kwa mikono: wamesema nini? Jirani, sikio likiwa redioni, alimwinulia kiganja. Baadaye. Hotuba ikiisha jirani alisema neno moja tu, akilitamka taratibu kwa midomo mikubwa: wamepandisha. Wamepandisha nini? Kwa kiasi gani? Kuanzia lini? Jirani alikuwa ameshasahau, au sufuria lilikuwa linaungua. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana iliuma zaidi.

Kila kiziwi ninayemjua amelelewa na kiganja kile. Watu wanacheka mezani, anauliza wanachekea nini, anaambiwa baadaye. Gari limesimamishwa njiani, abiria wote wanashuka, anauliza kuna nini, baadaye. Baadaye yenyewe haiji, na ikija inakuwa imebaki neno moja. Mimi nilipoanza kazi hii sikulielewa jambo hilo. Sasa nikisikia mtu anamwambia kiziwi baadaye, naona kama amemfungia mlango usoni, nami hukasirika waziwazi.

Basi mtoto yule aliamua kulikomesha nyumbani kwao. Akawa anakaa kwenye kizingiti cha jirani, redio mgongoni kwake, na wazazi wake wamesimama ng'ambo ya uwanja, naye anawarushia hotuba nzima kwa mikono yake midogo. Maneno mengine hakuyajua. Siku moja Waziri alitaja nakisi. Mtoto akamgeukia jirani, "Mama, nakisi ni nini?" Jirani akamwambia ni pale serikali inapopanga kutumia pesa ambazo haina. Mtoto akafikiri, akamtafsiria baba yake: serikali iko kama sisi. Baba alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Huyo ndiye Bi Pembeni, na mpaka leo sijapata tafsiri bora ya nakisi.

Sasa kuna jambo moja inabidi ulijue kabla sijaendelea. Viziwi hawaiti watu kwa majina yao ya vyeti. Kila mtu anayewagusa maishani hupewa alama yake, na alama hiyo hutokana na kile wanachokiona kwake: kovu, mwendo, namna ya kushika kalamu. Wabunge nao wanayo majina. Waziri wa Fedha anaitwa Glasi, kwa sababu kabla ya kutangaza kodi mpya lazima anywe maji kidogo. Akiishika glasi tu, karakana nzima hushika kichwa. Na mbunge mmoja wa Kamati ya Bajeti, bingwa wa kupunguza matumizi, anaitwa Pangusa-Bega. Akikaribia kupendekeza kitu kikatwe, hujipangusa bega la kushoto kwa vidole viwili, kama anayeondoa uzi. Uzi haupo. Alama ya jina lake ni hiyohiyo: vidole viwili, bega la kushoto, mara mbili.

Mwaka ninaotaka kuusimulia mjadala ulikuwa moto kwa sababu ya kodi ya mafuta. Magazeti hayakuandika kitu kingine. Mafuta yalipopoa kidogo yakaja makadirio ya Bunge lenyewe, fungu ambalo kwa kawaida hupita watu wakitazama saa. Bi Pembeni alikuwa mbele ya kamera, mimi chini kwenye kiti changu. Pangusa-Bega akasimama. Akajipangusa.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "hospitali zetu zinakosa vitanda vya wazazi. Mimi kila senti naitafuta. Humu ndani nimekuta fungu la ukalimani wa alama, kila kikao, mwaka mzima. Naomba mtu anisaidie. Nani anatazama kile kidirisha?"

Ukumbi ukacheka. Akangoja wamalize, maana ni mtu anayejua kungoja kicheko, kisha akaendelea kwamba yeye hana ugomvi na ndugu zetu viziwi. Fungu hilo lipunguzwe, fedha ziende kwenye vitanda, na hao ndugu zetu wapewe muhtasari wa maandishi utakaotolewa baadaye.

Nilikuwa nimeshasimama. Kanuni yetu ni kwamba jambo likikuhusu mwenyewe, unampisha mwenzako. Lakini hili lilinihusu na mimi, na mkalimani asiyehusika ingebidi aagizwe kutoka nchi nyingine. Bi Pembeni, chini ya kiuno ambapo kamera haifiki, akanionyesha: kaa. Nikakaa.

Na akatafsiri. Alitafsiri yote, wala hakupunguza chochote. Vitanda vya wazazi alivieleza mpaka mimi mwenyewe nikavihurumia. Kejeli ya Mheshimiwa aliivaa usoni kama ilivyokuwa. Kicheko cha ukumbi alikitafsiri. Kwenye "nani anatazama kile kidirisha" alitazama moja kwa moja kwenye kamera na kuwauliza wanaotazama. Ilipofika ile baadaye, akainua kiganja. Kiganja kilekile cha mlangoni kwa jirani. Kilibaki hewani kidogo tu, pengine kwa sababu Mheshimiwa alikuwa anavuta pumzi, kisha akaendelea.

Korido ilinikuta nimevimba kwa hasira. "Dada, umemtetea kuliko alivyojitetea," nikamwambia. "Umetuchimbia kaburi kwa mikono yako mwenyewe, tena umelisawazisha vizuri."

"Nimesema alichosema."

"Ungeweza kuharakisha. Ungepoza kidogo."

Alikuwa anakunywa maji kutoka kwenye chupa, akaifunga kwanza. "Nikimpoza yeye leo kwa sababu ananikata mimi, kesho mama atajuaje kama sijampoza Waziri? Akinunua zipu, ananunua kwa kuniamini. Hiyo sichezei." Kisha akanipiga bega. "Na wewe punguza kuvimba, utapasua shati."

Spika alikuwa amelipeleka pendekezo kwenye Kamati ya Bajeti, ambayo keshokutwa yake ilikuwa inapokea maoni ya wananchi. Tangazo hilo lilisomwa haraka haraka mwisho wa kikao, waandishi wakiwa wameshatoka kwenda kuandika mafuta. Kwa kweli waliojua kwamba fungu hilo linajadiliwa walikuwa wachache mno: wabunge wenyewe, sisi wawili, na kila kiziwi wa nchi hii mwenye televisheni.

Jioni tulipofika karakana, sikukuta kilio. Nilikuta mkutano. Kinyozi alikuwa anarekodi video kwa simu na kuzituma mikoani. Mama alikuwa anapiga pasi gauni lake la sherehe. Bi Pembeni akamwuliza kama amekasirika.

"Kwa nini?" Mama akajibu kwa mikono, pasi ikiwa imesimamishwa. "Mtu ameuliza swali. Tutakwenda kumjibu."

Asubuhi ya maoni, karani wa kamati alifungua mlango wa ukumbi, akaufunga tena, akatoka kuja kuniuliza kama nina habari ya nini kinaendelea. Ukumbi ulijaa mpaka ngazi za nyuma, na hakukuwa na sauti hata ya mnong'ono. Aliyezoea kupiga nyundo kutafuta utulivu siku hiyo hakuwa na kazi. Wajumbe wa kamati waliingia wakiongea, wakajikuta wanashusha sauti wenyewe.

Hapo ndipo tatizo langu lilipoanza. Mama aliteuliwa kusema kwa niaba ya wote, na binti hawezi kumtafsiri mama yake mbele ya kamati. Watu wangesema anajisemea mwenyewe. Kwa hiyo sauti ya mama siku hiyo ilikuwa mimi, Glovu. Naomba uelewe nilivyokuwa. Fungu lote, kidirisha, zipu, vyote vilikuwa vinategemea kama nitaidaka vizuri mikono ya mwanamke ambaye hunicheka nikimwomba chumvi. Bi Pembeni alikaa mstari wa mbele. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili ili isije ikanisaidia.

Mama akasimama, gauni limenyooka. Akaanza, nami nikaanza.

"Mheshimiwa, uliuliza nani anatazama kile kidirisha. Mimi ni fundi cherehani. Nakutazama wewe miaka yote. Koti lako la kijivu, lile unalovaa siku za bajeti, mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia. Kila mwaka nasema mwaka huu atalipeleka kwa fundi, na kila mwaka hulipeleki."

Wajumbe wakacheka. Pangusa-Bega naye akacheka, lakini nilimwona akiuvuta mkono wa koti chini ya meza. Alikuwa amelivaa.

"Sisi tunalo jina lako," mama akaendelea. "Mtu tusiyemtazama hatuna haja ya kumpa jina."

Mheshimiwa akaegemea mbele. Si mtu wa kukwepa, hilo simnyimi. "Jina gani, mama?"

Mama akainua vidole viwili, akajipangusa bega la kushoto, mara mbili. Nyuma yake ukumbi mzima, ngazi kwa ngazi, wakafanya hivyohivyo. Mheshimiwa alitaka kusema kitu, na kama ilivyo desturi yake kabla ya kusema kitu, vidole vyake vilikuwa tayari viko begani. Akavitazama. Akavishusha taratibu kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyeanza kucheka, na kwa muda hakuna kilichoendelea. Kicheko kilipotulia Mheshimiwa akauliza, kwa sauti ndogo kuliko ile ya bungeni, "Tangu lini?"

"Tangu bajeti yako ya kwanza."

"Ni jina baya?"

"Ni jina tu. La Waziri ni baya zaidi."

Kisha akajikusanya, akauliza alichotakiwa kuuliza, na nilimheshimu kwa hilo. "Sawa, mama. Lakini vitanda navyo ni vya kweli. Nikiacha hapa, natoa wapi?"

Mama aliupanga mkanda wa gauni lake. Alipoanza tena, mikono yake ilienda polepole, na nilijua ananipunguzia mwendo mimi.

"Vitanda vinatakiwa. Nilijifungua kwenye kitanda cha aina hiyo. Mtoto alitoka, wakamchukua haraka upande wa pili, wakamwinamia. Kama alilia, sikusikia. Nikamwuliza muuguzi kwa mkono, mtoto ni mzima? Muuguzi akaniinulia kiganja. Baadaye."

Mama alingoja nimalize.

"Sijui nililala pale kwa muda gani. Kwangu mimi mtoto alikuwa amekufa muda wote huo. Mheshimiwa, weka vitanda. Lakini usitupe baadaye, tunayo ya kutosha. Nikinunua uzi nalipa kodi sawa na wenye masikio. Duka halinipunguzii kwa sababu sikusikia kodi ilivyopandishwa. Nilipe wakati mmoja na wenzangu, niambiwe wakati mmoja na wenzangu. Hilo tu." Akageuka, akaonyesha mstari wa mbele. "Na yule mtoto ni mzima. Ndiye yule aliyekalia mikono."

Sauti yangu ilikatika kwenye neno mzima, sioni aibu kulisema. Bi Pembeni alitoa mikono alipoikalia, akajifunika uso. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na kabla ya siku ile sikuwahi kumwona hana la kusema kwa lugha yoyote.

Kamati ililirudisha fungu bila kupiga kura. Fedha za vitanda walizikuta kwenye safari za mafunzo za wajumbe wenyewe, na aliyezikuta ni Pangusa-Bega, aliyesoma makadirio upya usiku kucha kwa hasira ya kushindwa. Alipozitangaza bungeni nilikuwa chini kwenye kiti changu, Bi Pembeni juu. Mheshimiwa alisimama. Mkono wa kushoto wa koti ulikuwa umefupishwa, sawasawa kabisa na wa kulia. Hakumtazama Spika kwanza. Aliitafuta kamera, akainua vidole viwili, akajipangusa bega la kushoto, mara mbili, polepole, kama mtu anayejitambulisha ugenini. Bi Pembeni akamrudishia salamu hiyo kutoka kwenye kidirisha chake. Spika, ambaye hakuelewa kitu, alimkumbusha Mheshimiwa kwamba muda wake unakwenda.

Jioni nilipita karakana kumsindikiza Bi Pembeni. Waziri, akifunga mjadala, alikuwa amekunywa maji yake mchana, na vifungo na uzi wa nje vilikuwa vimeongezwa ushuru. Tukiwa mlangoni akaja jirani wa zamani, yule wa redio, mzee sasa, bado anauza nguo za watoto. Siku nzima alikuwa sokoni, na redio yake iliharibika zamani. Alikuwa na wasiwasi usoni. Akamwuliza mama kwa mikono, zile alama chache alizookota kwa kuishi jirani: wamesema nini?

Mama alikuwa anakata kitambaa. Alimtazama jirani yake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na Bi Pembeni akanishika kiwiko. Kisha mama akaweka mkasi mezani, akamvutia jirani kiti, akamweleza yote tangu mwanzo, kifungu kwa kifungu.